Masikio Thelathini na Sita ya Daraja la Bwera

Siku ya kuniaga, mmoja wenu alisimama na chupa ya soda mkononi akatangaza kwamba katika miaka yote aliyokaa karakanani, Mama Simiyu hakuwahi kukosea. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na mfupa wa mbuzi mdomoni, kwa hiyo sikuweza kujibu, na kusema kweli sikuharakisha kuutoa. Sasa niko nyumbani hapa Rukoki wiki ya tatu, kuku wamekwisha kunizoea, na maneno yale bado yananikera. Nimeamua kuwaandikia ninyi mliobaki. Habari za vyeo na mishahara hamtazipata humu. Hizo kaulizeni ofisini.

Nilifika Kasese kutoka Kitale nikimfuata mume wangu, aliyekuwa amepata kazi ya tanuri kwenye kiwanda cha saruji. Nilikuwa na cheti cha umeme na mtoto mgongoni. Karakana yetu, kama mnavyoijua, haitengenezi kitu. Inakagua vyuma vya watu wengine: shafti za feni za viwandani, bolti za mitambo ya mabwawa madogo huko mlimani, pini za malori ya mgodi. Walinichukua kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Siku ya kwanza nilipewa daftari la kuandika vifaa vinavyotoka na vinavyorudi, na kufikia saa nane mchana nilikuwa nimegundua kwamba havirudi.

Aliyenitoa kwenye daftari lile ni Afande Okiror. Alikuwa mtu wa Soroti, fundi wa magari jeshini kwa miaka mingi, na ingawa alikuwa amestaafu bado alitembea kama mtu anayekaguliwa. Sote tulimwita Afande, hata mkurugenzi. Alikagua chuma kwa nyundo ndogo. Aligonga, akasikiliza, kisha akasema "mzima" au "mgonjwa", basi. Siku moja aliniita nimshikie tochi, akagonga pini mbili zilizofanana kabisa.

"Umesikia nini?" aliniuliza.

"Zote zinalia, Afande."

"Hapana jibu haraka. Sikia tena. Moja nalia, moja nakohoa."

Aligonga tena, na kweli ya pili ilikuwa inakohoa. Tuliikata kwa msumeno tukaukuta ufa umeingia nusu ya unene wake, na nje hapakuwa na alama hata ya kucha. Siku hiyo nilisahau kwenda kula. Kesho yake daftari alipewa mtu mwingine, nami nikaanza kumfuata Afande kila alikokwenda, nikibeba taa na kusikiliza vyuma vikikohoa.

Mashine ya kwanza ya koili ilipokuja, Afande aliizunguka mara mbili kama mtu aliyeletewa ng'ombe asiyemjua. Halafu akanisogezea. "Hii ni ya wewe, mama. Mimi nabaki na nyundo. Lakini amri moja: mashine ikisema kitu, uliza tena. Ikisema tena, uliza mara ya tatu." Aliitoa amri hiyo kwa sauti ya gwaride, nikaitikia kwa kupiga saluti. Hakuona kichekesho.

Kwa wale mlioingia juzi na mnabonyeza tu vitufe, nieleze kidogo. Ndani ya kichwa cha mashine kuna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Umeme unaogeukageuka ukipita humo, chuma kilicho karibu na koili huamka. Vijimkondo vidogo vya umeme huanza kuzunguka juu ya uso wake, kama uji unavyozunguka ukikorogwa. Pakiwa na ufa, mkondo hauwezi kuuruka, hivyo unapita pembeni, na koili inaihisi tofauti hiyo. Hukati chuma, hukipaki dawa, wala hukwangui rangi yake. Mashine za mwanzo zilitupa kinukta kimoja kinachorukaruka kwenye skrini, na ukikisoma kutwa nzima unarudi nyumbani macho mekundu, majirani wanakuuliza kama kuna msiba. Hizi za sasa zina koili nyingi zilizopangwa safu, na zinachora picha kabisa: buluu mahali pazima, nyekundu penye ufa. Ni picha nzuri sana, na mtu huiamini upesi kuliko alivyokiamini kinukta.

Nilizunguka na mashine hizo wilaya nzima. Kule Kabatoro, ambako tuliitwa kukagua vyuma vya mizani ya chumvi, chumvi yenyewe ilikula bawaba za sanduku letu kabla hatujamaliza kazi. Huko Kasenyi, kando ya ziwa, mchuuzi mmoja wa samaki aliniomba nimtafutie nanga iliyozama ziwani. Nilimweleza kwamba mashine haioni mbali, inaona milimita chache tu. Aliitazama kwa huruma, akasema basi niirudishe ikishakua. Na sijui ni watu wangapi walionijia na pete za ndoa wakitaka kujua kama ni dhahabu. Nilikuwa nawaambia mashine imeharibika. Ndoa za watu si kazi ya karakana.

Sasa niingie kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Mnajua kwamba kila asubuhi, kabla ya kazi, mashine hufundishwa kwa kipande cha mfano. Ni bamba la chuma kizima lenye mikato mitatu myembamba iliyokatwa makusudi, na kina cha kila mkato kinajulikana. Unapitisha kichwa juu yake, unarekebisha mashine mpaka mikato ile ionekane kwa wekundu uliozoeleka, ndipo unaenda kwenye chuma cha mtu. Kipande changu nilikizungushia tepu nyeusi ya umeme, mizunguko miwili, ili unene wake ulingane na rangi iliyopakwa kwenye vyuma tunavyokagua, na jasho la mikono lisikitie kutu. Kikishafungwa hivyo, mikato haionekani kwa macho. Kwa mtu asiyejua ni kipande cha chuma kizito tu kilichokaa mezani.

Miaka michache kabla sijastaafu, watu wa Bwera walijenga daraja la miguu juu ya mto uliokuwa ukiwatenga na soko na shule. Kamati yao ilimpa kazi ya kuchomelea fundi mmoja wa hukohuko, Masereka, mtu mrefu wa kabila la Wakonzo, mwenye maneno machache. Kila upande wa daraja mihimili ilihitaji masikio, yaani vipande vya bamba vyenye tundu ambamo nyaya za kuning'inizia daraja hufungwa. Yalikuwa thelathini na sita. Sikio likiachia mtu akiwa katikati, chini yake kuna maji yanayoteremka kutoka mlimani na mawe yake. Kwa hiyo kamati ilitaka kila sikio likaguliwe kabla mtu hajavuka, na kazi hiyo ikaja kwetu.

Masereka hakuwa mgeni kwetu. Siku mbili kabla ya ukaguzi ule tulimwita Kasese atuchomelee nondo za dirisha la karakana. Mimi sikuwepo, nilikuwa bwawani kutwa nzima kwa mazungumzo tu, bila mashine. Nilipoona kazi yake kesho yake, siku ambayo hatukuwa na chuma cha kukagua, niliisifu mbele ya kila mtu. Alikuwa na kawaida ya kumalizia mchomeleo kwa kuusaga na grinda kuelekea upande mmoja tu, mistari yote ikalala pamoja kama nywele zilizochanwa. Katika nchi ambako wengi wanaficha kazi mbaya kwa rangi nene, fundi wa namna hiyo ni wa kushikilia.

Asubuhi ya ukaguzi huko Bwera, kipande cha mfano kilitoa ishara hafifu. Mikato ilionekana kama vivuli. Nikajiambia kebo imezeeka, au ni unyevu wa mto. Nikakuza ishara, nikaikuza tena, mpaka wekundu niliouzoea ukaja. Hapo ndipo nilipokosea, nanyi nawaomba msome hapa polepole. Ishara ya kipande cha mfano ikibadilika, huendi kwenye kazi. Unasimama, unatafuta sababu. Nililijua hilo, tena niliwafundisha wenzenu waliowatangulia. Lakini kamati ilikuwa imekaa ukingoni kwenye viti vya plastiki, mwenyekiti wao Mama Biira amevaa kitenge kipya kwa ajili ya siku hiyo, na niliona haya kuwaambia kwamba nimekuja na mashine nisiyoielewa.

Sikio la kwanza likatoka jekundu. La pili pia. Nilipofika la kumi nilipaswa kushtuka, kwa maana hata fundi mlevi hakosei kumi mfululizo. Badala yake nilikasirika. Nilisema moyoni kwamba kumbe ile grinda yake nzuri ilikuwa ya kufunika uchafu. Yote thelathini na sita yakawa mekundu, nami nikamwita Masereka aone.

"Yote?" aliuliza.

"Yote, Masereka."

Aliitazama skrini, akatazama ng'ambo ya mto, halafu akainama akaanza kukunja kebo yake. Mimi nikauchukua ukimya wake kuwa ni kukiri, nikaandika ripoti mkono wangu ukiwa thabiti kabisa, na kamati ikaamua palepale: masikio yote yakatwe, na kazi ipewe fundi mwingine. Walimpangia huyo mwingine aanze Jumanne. Mama Biira hakumtukana Masereka. Alimwambia tu, "Sisi tulikupa batoto yetu wavuke juu ya kazi yako," na hilo lilikuwa baya kuliko matusi. Nilisikia baadaye kwamba mtu aliyekuwa amempa kazi ya lango alikwenda kuichukua jioni ileile.

Jumatatu mgodi ulituletea pini mpya, bado zimefungwa kwa karatasi ya mafuta ya kiwandani. Ya kwanza ikatoka nyekundu. Ya pili nyekundu. Nikapitisha kichwa juu ya mguu wa meza yangu: nyekundu. Nikachukua spana yangu mwenyewe niliyoitumia miaka kumi, nayo nyekundu. Nikakaa, nikakivuta kipande cha mfano, na kwa mara ya kwanza nikaitazama tepu yake. Ilikuwa na mizunguko mitatu. Mimi huzungusha miwili.

Niliifungua. Mikato haikuwepo. Mahali pake palikuwa na uso laini, uliosagwa kwa mistari iliyolala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Mtu alikuwa ameijaza mikato yote kwa kuichomelea, na kwa sababu chuma cha kuchomelea si sawasawa na cha bamba, mashine ilikuwa bado inaona kivuli kidogo tu. Mimi nikakikuza kile kivuli mpaka kila kitu duniani kikaonekana kina ufa. Nilimpigia Masereka simu.

"Ulipokuja kuweka nondo za dirisha," nilimuuliza, "uligusa kipande cha chuma chenye tepu nyeusi?"

"Ndiyo, Mama. Niliiweka juu ya nondo ishikilie, isiteteme. Cheche ikachoma tepu. Nilipotoa tepu niweke ingine, nikaona chuma iko na mikato tatu. Nikasema, mutu alisahau kuitengeneza. Nikaijaza, nikasaga, nikarudisha. Iko na shida?"

"Hapana," nilisema. "Uliitengeneza vizuri sana."

"Asante, Mama," alisema, na kwa jinsi alivyosema niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Alikuwa amenisaidia bure, na kwa msaada huo nikamharibia jina.

Nilikwenda kwa mhandisi wetu nikamweleza. Alisikiliza, akafunga mlango. Alisema fundi mpya akichomelea upya, hakuna atakayeumia, na daraja litakuwa zima. Ya nini kwenda kuiaibisha karakana mbele ya kijiji? Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na hoja, na kwa dakika kama tano niliikumbatia. Lakini kuna jambo la kiufundi ambalo yeye alilijua na mimi nililijua: ukikata masikio mazima na kuchoma tena mahali palepale, unakichosha chuma cha mhimili. Tungeliharibu daraja zima ili kuficha kosa langu. Na hata kama chuma kisingechoka, Masereka angebaki fundi wa masikio mabovu maisha yake yote.

Nilimpigia Afande, ambaye wakati huo alikuwa amerudi kwao Soroti kulima. Nilimwambia nimekosea.

"Mtu amekufa?"

"Hapana, Afande."

"Basi unangoja nini kwa simu? Enda. Mbio."

Jumanne nilifika Bwera mapema, nikiwa na kipande cha akiba ambacho kilikuwa kimefungiwa kabatini tangu kinunuliwe. Fundi mpya alikuwa tayari kaunganisha grinda. Kamati ilikuwepo, na Masereka pia alikuwepo, amesimama nyuma ya watu kwa sababu nilimwomba aje. Niliwaambia wote, bila kuzunguka, kwamba mashine ilikuwa nzima na kosa lilikuwa langu. Nikaweka vipande viwili juu ya kiti, cha zamani bila tepu na kipya chenye mikato yake, nikawaita wapitishe vidole.

Mama Biira alivipapasa vyote viwili kwa muda mrefu. Yeye huuza kahawa, amezoea kupima kitu kwa vidole kabla ya kusema. "Sasa Mama," akasema, "wiki ilipita ulisema yote iko mubaya. Leo unasema ulikosa. Sisi tuamini siku gani?"

"Msiamini siku yoyote," nilimjibu. "Njooni mwone wenyewe, moja moja."

Basi tulitembea, mimi na mashine mbele, kamati nyuma yangu, Masereka mwisho. Kabla ya kila masikio manne nilirudi kwenye kipande cha mfano, na mikato yake mitatu ilitoka jinsi inavyopaswa. Sikio la kwanza buluu. La pili buluu. Watu walianza kuhesabu kwa sauti kama wako shuleni. Tulipofika la kumi na sita hata fundi mpya alikuwa ameiweka grinda yake chini na kuja kutazama.

La kumi na saba likatoka jekundu.

Nitasema kweli: nilitamani iwe ni mashine. Nilirudi kwenye kipande cha mfano, nikauliza tena, nikauliza mara ya tatu. Ufa ulikuwa pale, mwembamba, umelala kandokando ya mchomeleo. La kumi na nane, lililo mkabala wake, hali kadhalika. Yaliyobaki yote yakawa buluu. Nilikuwa na njia moja tu ya kuliondoa daraja lile mikononi mwangu salama. Niliwaambia thelathini na manne ni mazima, na mawili yana ufa, na hayo mawili lazima yakatwe. Sikumtazama Masereka wakati nikisema. Nilikuwa nimekuja kumrudishia jina, nami nikawa namwekea doa tena mbele ya watu walewale.

Alipenya katikati yao akaja mpaka kwenye skrini. Akaiinamia.

"Hizi mbili nilijua," alisema.

Mama Biira akamgeukia. Masereka aliendelea kuangalia picha.

"Siku nilichoma hizi, mvua ilianza. Na jenereta ilikuwa ya kanisa, walikuwa wanaitaka irudi kwa ibada. Nikachoma maji ikiwa juu ya chuma. Wiki ilipita, Mama uliposema yote ni mubaya, nikasema kwa roho yangu, huyu ameona zile mbili, anakataa zote juu ya zile. Nikaona niko na makosa. Ndiyo maana sikujibu."

"Na kama nisingeziona?" nilimuuliza.

Alifikiri. Hakutafuta jibu la kupendeza, na hilo nalikumbuka kwa heshima. "Ningerudi nizikate," alisema. Halafu akasema, "Ao pengine nisingerudi. Sijui, Mama."

Mama Biira alivuta kitenge chake akakifunga upya kiunoni. Kisha akamwambia yule fundi mpya ampe Masereka grinda, na fundi akampa bila ubishi, tena akamshikia kebo isiguse maji. Masereka alipiga magoti kwenye sikio la kumi na saba. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale na kichwa cha mashine mkononi, na nilijua nisipolisema wakati ule, mbele ya wale walionisikia mara ya kwanza, sitalisema tena.

"Masereka, unisamehe kwa yale thelathini na manne."

"Na mimi unisamehe kwa haya mbili," alisema, akawasha grinda.